Mashine Mmbea na Pembe ya Mzee Kiangi

Mjukuu wangu Neema amenunua saa ya mkononi inayomwambia moyo wake unadunda kwa kasi gani. Juzi alikuja kunisalimia hapa Ngujini, akapanda kilima kwa miguu kutoka barabarani, akafika anahema, na badala ya kunitazama mimi akaitazama saa. "Bibi, ona, moyo unakimbia." Nikamwambia akae kwenye kigoda, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na macho yake yabaki kwenye saa. Baada ya muda namba zikaanza kushuka. Akasema saa yake ina akili sana. Nikacheka mpaka nikakohoa, kwa sababu bibi yake saa hiyo namfahamu. Nimefanya naye kazi miaka mingi pale Same, na betri zake nimezianika juani kwa mikono yangu hii.

Kwa wasionijua, mimi ni Namsifu, mstaafu. Nilikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, fiziotherapia kama mnavyosema ninyi, ingawa wagonjwa wetu wengi walijua wanakuja "kukandwa" tu, na walinuna wasipokandwa. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa jengo la hospitali, na upepo wa Same ulipoamua kuingia uliingia na vumbi lake lote. Humo ndimo nilimojifunza tiba ambayo vijana wa leo mnaiuliza kana kwamba imezaliwa pamoja na simu zenu. Inaitwa bayofidbaki. Sisi tulisema mrejesho wa mwili, na sitaki mtu anirekebishe.

Jambo lenyewe si gumu. Mwili unafanya mengi bila kukuarifu. Msuli unakaza, vidole vinapoa, moyo unaongeza kasi, nawe huna habari mpaka kichwa kimeanza kugonga. Sasa chukua chombo kinachoweza kulisikia jambo hilo dogo, kiligeuze kuwa sauti au taa au namba, kimrudishie mwenyewe palepale linapotokea. Akishalisikia, anaanza kujaribu huku na kule. Akipatia, chombo kinamwambia umepatia. Anarudia, anarudia, na mwisho anaweza bila chombo. Wasichana mliochota maji mnaijua habari hii. Hakuna aliyekueleza kwa maneno jinsi ya kutembea na ndoo kichwani. Maji yalikumwagikia mgongoni, shingo ikajirekebisha yenyewe.

Kwa hiyo chombo hakitibu. Hakitii umeme, hakitii dawa, hakikandi. Kinatoa habari, basi. Anayefanya kazi ni mgonjwa. Hili nimelisema kwa wanafunzi wengi wakalitikisia kichwa, halafu kesho yake namkuta mmoja amemfunga mgonjwa nyaya, amemwacha peke yake na kwenda kunywa chai, kama mtu aliyeinjika makande.

Aliyenifundisha ni Bwana Mshamu, mkuu wangu wa chumba. Alikuwa mtu wa Lindi aliyekuja huku ujanani kufuata kazi ya mkonge, akaanza kufunga vidonda kwenye zahanati ya shamba, akapelekwa kusoma, akarudi, akaoa, hakuondoka tena. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe hata ile miaka ambayo sabuni ilikuwa hadithi, na sote tulijiuliza anafulia nini. Mashine yenyewe iliachwa na daktari mmoja mgeni aliyekaa nasi kwa muda: kisanduku cha kijivu chenye nyaya tatu, visahani vidogo vya kubandika kwenye ngozi, na spika. Ukivibandika juu ya msuli, msuli ukifanya kazi kisanduku kinalia, tik, tik, tik. Ukikaza zaidi inakuwa mvumo wa nyuki. Msuli ukilala, kimya. Bwana Mshamu alishinda siku nzima amejibandika mwenyewe shavuni, anasikiliza, kisha akakipa jina.

"Huyu ni Mmbea," alisema. "Kazi yake ni kutoa siri za watu."

Na jina likabaki. Hata mganga mkuu aliuliza, "Mmbea mzima leo?"

Mara nyingi hakuwa mzima, kwa sababu ya betri. Ninyi mmekulia katika maduka yaliyojaa. Miaka ile ya shida betri ilikuwa kibali, na kibali kilikuwa foleni, na foleni uliipanga bila kujua mbele wanagawa nini. Ungeweza kwenda na nia ya betri ukarudi na kiberiti, na ukashukuru. Mmbea alikula betri nne. Kila jioni Bwana Mshamu alizitoa, na kila asubuhi tulizipanga dirishani kwenye jua, tukizigeuzageuza kama dagaa, maana betri iliyochoka ikipata joto huamka kidogo. Kuna wakaguzi walikuja kutoka mkoani wakaziona pale, wakauliza ni za nini. "Zinapata kifungua kinywa," Bwana Mshamu akajibu, akaendelea kumnyoosha mtoto mguu.

Ule utelezi wa kupaka chini ya visahani ulipokwisha hatukupata mwingine, tukatumia pamba iliyolowekwa maji ya chumvi. Ilifanya kazi. Shida ilikuwa ngozi. Mtu akija amejipaka mafuta usoni, Mmbea anasema uongo mchana kweupe, anavuma wakati msuli umelala. Ngozi isafishwe na ikaushwe kabla ya yote. Mkisahau mengine niliyosema, shikeni hilo.

Kuna kazi za aina mbili mtakazozifanya na mrejesho. Kuna kumwamsha aliyelala, na kuna kumtuliza anayehangaika bure. Wanafunzi hupenda ya kwanza kwa sababu inaonekana. Mimi niliipenda ya pili.

Alikuja mkata mkonge mmoja, mtu wa Kigoma, mpana kama mlango, analalamika kichwa kinambana kila siku kuanzia kisogoni. Dawa za maumivu amemeza mpaka tumbo limekataa. Alipoziona nyaya akauliza umeme wenyewe ni mkali kiasi gani, na kabla sijamjibu alikuwa amefumba macho anasali. Nikambandika visahani begani, karibu na shingo. Mmbea akalia kwa nguvu.

"Tulia," nikamwambia.

"Nimetulia, sista. Sifanyi kitu."

"Wewe hufanyi. Mabega yanafanya."

Akafumbua jicho moja akajitazama. Alikaa amepandisha mabega kama mtu anayesubiri kupigwa, na hakujua. Nilimwacha asikilize. Akayashusha kidogo, mvumo ukapungua. Akayasahau, ukarudi. Ilikuwa raha kumwona mtu mzima anagundua mabega yake mwenyewe. Alirudi mara kadhaa, kisha akapotea, na siku aliyojitokeza tena alisimama mlangoni akasema kwa aibu, "Sista, ile mashine yako niliondoka nayo." Nikakimbilia kabati kabla ya kufikiri. Mmbea yupo. Yule bwana akagusa kisogo chake. "Iko huku. Nikiwa nakata majani naisikia inaanza, nashusha mabega, inanyamaza." Hicho ndicho kipimo cha tiba hii. Mgonjwa akishindwa kuondoka na mashine kichwani mwake, hujamfundisha.

Walikuwapo pia akina mama wa magoti. Hospitali yetu ilikuwa na magoti mabaya kuliko idadi ya watu. Mama anakuja, goti linamuuma, nalikunja, nalikunjua, halina kitu. Ilinichukua muda kuelewa. Baada ya uzazi mgumu alikuwa anavuja mkojo akicheka au akibeba mzigo, na hawezi kulisema hilo mbele ya foleni ya wanaume wanaougua viuno. Basi nikajifunza kufunga mlango na kuliuliza goti taratibu. Tulikuwa na kipimo cha kubana, kipira na saa yake yenye mshale, anajifunza ni msuli upi hasa wa kukaza, maana wengi wao walikuwa wanakaza tumbo na kuzuia pumzi. Mshale ukipanda, uso wa mama unabadilika. Wengi walipona kabisa wakaniletea ndizi, na wakawatuma shemeji zao nao waje na magoti.

Na kuna mambo hayahitaji mashine hata kidogo. Mgonjwa wa kiharusi anayeegemea upande mmoja, mweke juu ya mizani mbili za kupimia uzito, mguu huku na mguu kule, mishale itamsema. Mwalimu mmoja wa Maore aliyeteswa na kipandauso nilimpa kipimajoto ashike baina ya vidole, akae kimya, apumue, ajifunze kuipasha mikono yake joto kwa utulivu tu. Hakuamini mpaka alipoona zebaki inapanda. Lakini nisiwadanganye. Kuna waliotaka Mmbea awatibu malaria, na mmoja aliacha dawa zake za presha baada ya kujua kupumua vizuri, akarudi amebebwa. Bwana Mshamu alimkaripia yeye, akanikaripia mimi, akamkaripia na aliyembeba. Mrejesho unakwenda sambamba na dawa, haukai kwenye kiti cha dawa.

Sasa niwape habari ya Mzee Kiangi, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo, na Neema amekwisha kuniambia nazunguka sana.

Mzee Kiangi alikuwa mtu wa Vudee, milimani juu ya Same. Aliingia chumbani kwetu amejifunika mdomo na kitambaa, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia kwa chini sana, kwa kuwa maneno yenye kuhitaji midomo yote miwili yalikuwa yanamponyoka. Aliposhusha kitambaa nikaona. Uso upande wa kushoto ulikuwa umelala. Mishipa ya fahamu ya uso huwa inapata hitilafu hivyo, ghafla, mtu anaamka asubuhi chai inamchuruzika kidevuni na jicho halifumbi. Kwa wengi uso hurudi wenyewe katika majuma machache. Wa Mzee Kiangi ulikuwa umerudi nusu, kisha ukakwama, na miezi ilikuwa imepita. Kijijini wengine walisema ni upepo, wengine walisema ni mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungia ndani.

Nikamuuliza kinachomsumbua zaidi ni kula, ni maneno au ni jicho.

"Ni pembe," akasema.

Nilidhani sijamsikia vizuri. Mimi ni Mgweno wa Ngujini, lugha yetu na Kipare chao ni mbalimbali, na watu wa upande wa Same hawakuacha kunitania kwa hilo. Ikabidi anieleze pole pole, akishikilia shavu kwa kidole ili maneno yasivuje. Kwao kuna ndiva, yaani bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva huziba kwa tope. Kabla ya mvua za vuli lazima watu wote waingie kulizoa, kila nyumba na jembe lake, na kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Watu wanaitwa kwa pembe ya tandala, na mpulizaji alikuwa yeye, na kabla yake baba yake.

Msimu uliopita hakuweza. Alipuliza mtu mwingine, wakaja wachache tu, wengine wakasema hawakuitambua pembe. Sasa kulikuwa na mkutano unakuja wa kuamua pembe apewe nani, na aliyekuwa mbele ya wote kwa haki ya ukoo alikuwa mpwa wake, kijana wa mitumba mwenye kibanda hapo Same. Ilikuwa ile miaka maduka yameanza kujaa na kila mtu amekuwa mfanyabiashara. Mpwa hakuitaka pembe. Alitaka msaragambo ufutwe, watu watoe michango waajiriwe vibarua.

"Na tusio na cha kutoa?" Mzee Kiangi akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye mpwa. "Sisi tulikuwa tunatoa mikono. Pembe ikinyamaza, ndiva litaziba. Likiziba, mashamba ya chini yamekufa, na ya kwangu yako chini."

Nikamwambia kwa wepesi, "Basi mzee, fanya mazoezi na hiyohiyo pembe nyumbani, kila siku kidogo."

Akanitazama kwa lile jicho linalofumba na lile lisilofumba. "Mwanangu, nikiipuliza watu watakuja na majembe."

Bwana Mshamu, aliyekuwa anajifanya hasikii, akaangua kicheko. Lakini mzee hakuwa anatania. Pembe hailii kwa mazoezi. Ikilia kuna kazi au kuna balaa, na mtu aliyeiliza bure angelipishwa faini ya mbuzi. Kwa hiyo alikuwa anajificha migombani akipuliza chupa tupu ya soda kwa nguvu zake zote. Ndilo kosa lenyewe. Upande mzima wa kulia ulikuwa unavuta kazi yote, na kila alivyokazana ndivyo ulivyozidi kuuburuta mdomo kwake. Tena ilikuwa imeanza ile tabia nyingine mbaya ya neva zinazorudi vibaya: akikaza mdomo, jicho la kushoto, lisilofumba akitaka, linafumba lenyewe.

Tukambandika Mmbea upande wa kushoto, pembeni ya mdomo. "Jaribu kubana midomo." Akakaza mpaka shingo ikasimama. Kulia kukavimba, kushoto kukalala, na Mmbea kimya kabisa. Mzee akakitazama kisanduku kwa uchungu.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika," Bwana Mshamu akamwambia. "Inasema kweli. Weka kidole hapa kulia, uuzuie upande huo usijiingize. Sasa usikaze. Fikiria unataka kutamka 'pole', halafu usiitamke."

Akajaribu, akajaribu tena. Kisha, tik.

Naikumbuka sura yake. Mtu aliyekuwa amekwisha jizika, na kumbe kuna sauti ndani ya shavu. Alitaka kukaza papo hapo, Bwana Mshamu akamzuia. Kidogo, mzee, kidogo, tunatafuta tik ya pili. Kuanzia hapo alikuja kila siku ya gulio, siku ambayo lori linashuka kutoka mlimani, na tukawa tunamfundisha mambo mawili kwa pamoja. Visahani vikiwa mdomoni, Mmbea alie. Vikihamia karibu na jicho, mdomo ufanye kazi yake na Mmbea anyamaze. Hilo la pili lilimtoa jasho. Kila alipobana midomo jicho lilikuwa linaingilia, na Mmbea analisema. Nyumbani alikuwa na kioo, na nilimkataza kabisa ile chupa ya soda. Jicho alilitia dawa na akalifunga usiku lisikauke.

Alikuwa anaendelea vizuri. Kisha Mmbea akafa.

Na alikufa kwa neema, ndiyo maana mpaka leo sijui nicheke au nilie. Betri zilikuwa zimefika madukani, za kila rangi, bila kibali, bila foleni. Tulinunua mpya zinang'aa, tukamtilia Mmbea, na kwa kuwa hazikuhitaji tena kuanikwa, tulimwachia tumboni mwisho wa juma. Jumatatu tulikuta zimevuja maji meusi, yametafuna kila kitu ndani. Bwana Mshamu alikifungua kisanduku, akakitazama, akakifunga kwa upole. "Betri za foleni zilikuwa dhaifu," alisema, "lakini zilikuwa na adabu."

Siku ya gulio Mzee Kiangi akaja, tukamwonyesha. Mkutano wao ulikuwa ufanyike juma lililofuata. Alikaa kwenye kiti chake, kitambaa kikaanza kupanda tena mdomoni kidogo kidogo, nami roho ikaniuma sana, kwa sababu nilikuwa sina cha kumpa. Bwana Mshamu ndiye aliyeuliza.

"Mzee, hiyo pembe yako ikivuja hewa upande mmoja, inafanyaje?"

"Inakoroma."

"Na ukiziba vizuri?"

"Inaita."

"Basi ni mashine hiyo. Iko wapi?"

Ilikuwa hapohapo, ndani ya kikapu. Alikuwa ameishusha ili mpwa wake, asiyetaka hata kupanda mlima, aikague kabla ya mkutano. Nikamwambia mzee, huku si kwenu. Huku uwandani hakuna ndiva wala msaragambo, nani ataijua pembe ya Vudee? Nenda nyuma ya jengo, puliza kidogo kidogo, sikiliza inakoroma wapi, rekebisha. Akafikiri, akakubali. Na hakuna hata mmoja wetu, wasomi wawili na mwenye pembe, aliyekumbuka kwamba lori lililomleta yeye kila siku ya gulio ndilo lililokileta kijiji kizima.

Pembe ya tandala haina sauti ndogo. Mara ya kwanza ilikoroma kama ng'ombe mwenye mafua. Mara ya pili ikatoka nusu, ikapasuka mwishoni. Nikamgusa shavu la kulia kumkumbusha asilitumie peke yake. Mara ya tatu ilitoka ndefu kidogo, ikaenda mbali. Tukawa tumeridhika, tunaijadili, ndipo tuliposikia zogo getini na mlinzi anasema hakuna ruhusa, saa za kuona wagonjwa bado.

Waliingia wanawake wa ndizi kutoka sokoni, wengi, wengine na vikapu kichwani, wengine wameacha biashara kwa jirani, wanahema. Mbele yao alikuwa Nakiete, shemeji yake Mzee Kiangi, mama mrefu mwenye sauti. Walimvamia kwa Chasu, yaani Kipare, cha haraka ambacho mimi nilipata robo yake: nani amekufa, ni moto, ni mafuriko, mbona pembe iko Same? Mzee akajieleza, uso umemshuka. Nikajua sasa imekwisha. Ameiliza bure mbele ya kijiji, na kwa mkoromo, na juma lijalo ni mkutano.

Nakiete alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatua kikapu, akakaa chini kwenye kivuli cha jengo, akakunja miguu. Wengine nao wakakaa.

"Haya," akasema kwa Kiswahili, nafikiri kwa ajili yangu. "Tumekwisha fika. Puliza tukusikie."

Akapuliza. Ikakoroma.

"Inavuja kushoto," Nakiete akasema.

"Mwisho unaukata," mwingine akasema. "Ulikuwa unauvuta."

"Na hilo jicho unamkonyeza nani?"

Wakacheka, naye akacheka, na kucheka kukaulegeza uso wote kuliko chochote nilichowahi kumfanyia. Bwana Mshamu alitoa kichwa dirishani. "Namsifu," akaniita, "Mmbea amefufuka. Amekuja na dada zake." Nao hawakumwonea huruma hata kidogo. Kila alipopuliza walimwambia palepale, papi pamepungua na papi pamezidi, kwa masikio yaliyoisikia pembe ile tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao. Mimi nilisimama pembeni nimekunja mikono.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Najua aliishusha pembe, akapumzika, akaupapasa mdomo wake kama tulivyomfundisha, akaiinua bila kukaza. Ikaita. Ilianzia chini, ikapanda, ikakaa juu pale, safi, halafu mwisho wake ukavutwa taratibu mpaka ukaisha wenyewe. Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi muda wote.

Nakiete akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akainua kikapu chake. Mwingine akasimama, na mwingine, wakaanza kutoka kuelekea getini bila hata kuaga. Nikaona wamechoshwa, au wameudhika kwa muda wa soko waliopoteza, nikamkimbilia Nakiete nikamshika mkono.

"Mama, mbona mnaondoka, naye ndiyo kwanza amepatia?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Tumeitwa, sista," akasema. "Na majembe tumeyaacha nyumbani."

Machozi yalinitoka palepale mbele ya mlinzi, na sioni haya kuwaambia. Nilipogeuka, Mzee Kiangi alikuwa amesimama na pembe kifuani anawatazama wakitoka getini. Mdomo wake ulianza kutabasamu upande wa kulia kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha, kwa kuchelewa kidogo, wa kushoto ukafuata.